Mkono wa Wifi

Wifi yake aliposema "nishikie zamu kesho, mtoto ana homa," Chapakazi alijua kabisa kwamba mtoto hana homa. Mtoto mwenyewe alikuwa uani anafukuza kuku na kupiga kelele mpaka majirani wanafunga madirisha. Lakini wifi ni wifi. Ukimkatalia dada wa mume wako, umemkatalia na mume, umemkatalia na mama mkwe, na habari hiyo itapikwa na kupakuliwa kwenye kila kikao cha ukoo mpaka watoto wako waoe. Basi Chapakazi akaipokea kadi ya wifi, na kesho yake, siku yake ya kupumzika, akaitia shingoni akaenda kazini. Watu husema tenda wema nenda zako. Hawasemi kwamba wema nao unaweza kukufuata nyuma na rungu.

Kazini kwao ni kiwanda cha kufulia shuka za mahospitali na mahoteli. Shuka zinaingia chafu mlango wa nyuma na kutoka mlango wa mbele zimenyooka, na katikati ya safari hiyo ipo pasi kubwa: magogo mawili ya chuma yanayozunguka, ya moto kiasi kwamba shuka mbichi ikipita inatokea upande wa pili imekauka. Wanawake wa pale wameipa jina Bi Mkubwa, kwa sababu ina hasira, haipendi kusubirishwa, na nyumba nzima inamtumikia yeye. Wanasimama wawili mbele yake, kila mmoja na pembe yake ya shuka, wanamlisha. Palikuwa na chuma cha kinga kilichopita mbele ya magogo, ukikigusa tu kwa vidole mashine inasimama. Tatizo kilikuwa kinaisimamisha hata kikiguswa na pindo la shuka, na nyapara akachoka kuiwasha upya kila mara. Siku moja akaleta waya, akakifunga kikaangalia dari. "Sasa tutafanya kazi," akasema.

Kushikiana zamu kulikuwa desturi ya pale tangu zamani. Kadi hazina picha, zina jina na namba tu. Ukiwa na safari yako unampa mwenzako kadi, anaigonga mlangoni, na mashine ya mlangoni inaandika kwamba umekuja. Nyapara alijua fika. Alichotaka yeye ni mikono mbele ya Bi Mkubwa, mikono ya nani shauri yao. "Kadi ndiyo mtu," alizoea kusema, kisha anacheka peke yake.

Siku hiyo ikaja shuka iliyochanika pembeni. Uzi wa pindo ukamzunguka Chapakazi vidoleni, na Bi Mkubwa akavuta. Mwenzake akapiga yowe akakimbilia swichi ya ukutani, kwa sababu kinga ilikuwa inaangalia dari. Mpaka magogo yanasimama, vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshapita. Tusiseme zaidi. Aliyewahi kuguswa na pasi ya nyumbani hata kidogo anajua, hayo mengine azidishe mwenyewe.

Nyapara alifika mbio. Akamtazama usoni mwanamke aliyefanya naye kazi miaka na miaka, mwanamke ambaye jina la Chapakazi alimpa yeye mwenyewe kwa kinywa chake, halafu akaitazama kadi iliyokuwa inaning'inia kifuani. Dereva wa gari la kiwanda alipouliza anampeleka nani hospitali, nyapara akamsomea jina la kwenye kadi. Hospitalini dereva akalitaja hilohilo, likaandikwa. Chapakazi alijaribu. "Siyo mimi huyo," alisema huku analia.

"Ni wewe, dada, ni wewe," nesi akamjibu kwa upole. "Tulia."

Jioni wifi akaingia wodini analia kwa sauti, kajitupa miguuni pa kitanda. Katika kujitupa, kilemba kikamteleza. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umesukwa, mistari myembamba, kazi nzuri kwa kweli. Upande wa pili nywele zimesimama zinangoja zamu. Hiyo ndiyo homa ya mtoto. Chapakazi alimtazama wee, mkono wake umefungwa mnene kama mkate.

"Homa imeshuka?" akamuuliza.

Kesho yake nyapara naye akaja kuona mgonjwa, kabeba machungwa. Akavuta kiti karibu, akaongea kwa sauti ya chini kama mtu anayeuza kitu cha magendo. Mkisema mlibadilishana kadi, alisema, wote wawili kazi hamna. Tena huo ni udanganyifu, jela iko wazi. Acheni taarifa ilivyo. Fidia itakuja kwa jina la wifi, wifi atampa mwenyewe, nyie si ndugu? Kuhusu waya hakugusia hata kidogo. Na mume wa Chapakazi, ambaye ni kaka wa huyo wifi, alikuwa amesimama pale anatikisa kichwa kukubali, akasema kweli nyapara ana akili. Wako wanaume ambao wakishaogopa jambo, woga wao huuita akili.

Ikawa hivyo. Na hapa ufuate vizuri, maana hata Chapakazi mwenyewe alikuwa akiamka usiku anajipanga upya yeye ni nani. Kwa maandishi, aliyeungua ni wifi, kwa hiyo wifi ni mgonjwa na amepewa mapumziko ya kuumia kazini. Kwa maandishi hayohayo, Chapakazi ni mzima wa afya na zamu yake iko palepale. Basi wifi akawa anavaa kadi ya Chapakazi, anakwenda kazini kuwa Chapakazi. Na Chapakazi yuko kitandani, ndiye wifi.

Laiti angekwenda kufanya kazi! Wifi huyu tangu zamani mguu wake wa kwenda kazini ni mzito, wa kurudi ndio mwepesi. Haukupita muda ikaletwa nyumbani barua ya onyo yenye jina la Chapakazi: amechelewa kazini kwa kurudia. Mwanamke ambaye tangu aajiriwe alikuwa akifika kabla ya mlinzi hajamaliza chai yake! Akameza. Ikaja ya pili: amekutwa amelala kwenye kapu la mataulo.

"Nimekutwa wapi?" aliuliza, akamtaka mume wake aisome barua mara ya pili ili ahakikishe. "Mimi usiku kucha sipati usingizi, mkono juu ya mto, natazama paa. Halafu ndiye nimelala kwenye mataulo?"

"Wifi nawe," wifi akasema. "Nilijiegesha tu. Yalikuwa bado ya moto, yakanibembeleza."

Malipo ya kuumia yalikuwa yanaingia benki kwa jina la wifi, naye alikuwa anayatoa kwa mafungu, na kila fungu na hadithi yake. Ilimbidi Chapakazi aombe kilicho chake kama anaomba chumvi kwa jirani. Lakini hata hilo alilivumilia. Kilichomchoma ni zile pole. Mtaani habari zilifika kama zilivyoandikwa, na watu wakamsimamisha wifi njiani, "pole na mkono, mama," na wifi, badala ya kupita zake, anauficha mkono ndani ya khanga na kuweka uso wa huzuni. Siku moja Chapakazi alimsikia kwa masikio yake, mlangoni pa duka. "Asante sana," wifi anamwambia muuza duka. "Unanisumbua hasa usiku."

Bendeji zilipofunguliwa moja kwa moja, kidole gumba kilikuwa kizima na kidole cha mwisho kizima. Vile vitatu vya katikati vilikuwa vimekaa tu, vigumu, ngozi inang'aa, havikunji wala havisikii. Yeye ambaye alikuwa anakunguta shuka mara moja hewani inatua imeshakunjika, sasa hawezi kukamua kitambaa cha kufutia meza. Kijiko alijifunza kwa kushoto. Kilemba alifungwa na binti yake kabla binti hajaenda shule, na binti akiwahi kuondoka, alishinda kichwa wazi. Na hofu yake ilikuwa moja, haikumwacha hata akipika. Siku wifi akichoka kuwa Chapakazi na kutaka jina lake, yeye atatakiwa asimame tena mbele ya Bi Mkubwa na mkono huu, akiwa mzima kwa maandishi, mchelewaji, mlala mataulo. Watamfukuza asubuhi moja tu. Na ulemavu wake atakuwa nao mtu mwingine.

Ndipo wifi akapata wito. Aende mbele ya jopo la madaktari wapime ulemavu wa kudumu, aje na kitambulisho chenye picha. Picha! Wifi ni mrefu, mweupe, shingo ndefu. Chapakazi ni mfupi, mweusi tii, na shingo haina habari naye. Hata daktari kipofu asingewachanganya.

Nyapara akapiga simu, na akili zake zikiwa bado nyingi. "Aende mwenye jina," akasema. "Afunge bendeji, akaze vidole. Madaktari wale wanaona watu tangu asubuhi, hawatazami."

Jioni hiyo sebule ikageuka shule. Wifi kafungwa bendeji, yuko mezani na kikombe mbele yake, na kaka yake kakaa kwenye kochi kuwa daktari. Wifi akakaza vidole, akanyanyua kikombe, akakunja uso.

"Vipi?"

"Inafanana," kaka mtu akasema.

Chapakazi alikuwa kwenye kigoda pembeni, anamenya viazi kwa mkono wa kushoto, na kila kiazi kinamkimbia. "Sivyo," akasema kabla hajajizuia. "Gumba halikuumia, linashika. Hivi vitatu ndivyo havijui kama hapo kuna kikombe."

Wifi akajaribu tena. "Hivi?"

"Usivikaze. Mwenye navyo hakazi. Vimekaa tu, kama wageni."

Akajaribu tena, na tena, na jamani, akapatia. Kazini hajawahi kujifunza hata kukunja foronya, lakini hili alilisomea. Chapakazi aliuona mkono wake mwenyewe, ule mbovu, uko pale mezani mwishoni mwa mkono mzima wa mtu mwingine, unanyanyua kikombe.

"Sasa nifundishe na kuuma kwake," wifi akasema, macho yanang'aa kwa juhudi. "Daktari akiuliza ilikuwaje, niseme nini? Joto lilianzia wapi? Ulisikia nini kwanza?"

Chapakazi akaweka kisu chini.

"Hilo sikufundishi."

"Wifi, si kwa faida yako?"

"Umechukua kadi yangu. Umechukua jina langu ukaenda nalo kulala kwenye mataulo. Pole zangu unapokea wewe, barabarani, na shingo umeinamisha. Sasa na maumivu unayataka? Haya chukua! Lakini uchukue na vidole!"

"Mama, punguza sauti," mumewe akasema. "Majirani."

"Wafungue madirisha hao majirani! Wasikie vizuri!"

Usiku huo alilala amempa mumewe mgongo. Asubuhi alijifunga mtandio kwa meno na mkono mmoja, ukakaa upande, akaenda nao hivyohivyo mpaka ofisi ya fidia.

Ofisi za namna hii nani hazijui. Korido ndefu yenye benchi lililong'arishwa na makalio ya watu, feni inazungusha joto lilelile, na madirisha yenye namba ambazo hazifuatani. Dirisha la kwanza likamwambia la nne. La nne likamwambia hilo ni la sita, na la sita mtu wake alikuwa amekwenda kunywa chai. Chai hiyo sijui ilikuwa inachemshiwa wapi. Alipokata tamaa na kuinuka, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, anatafuna karanga, akamwita kwa kidole aingie chumbani kwake.

"Nimekuja kumuulizia rafiki yangu," Chapakazi akaanza. Alikuwa ameipanga njia nzima. Rafiki alimshikia mwenzake zamu, na kadi ya mwenzake, akaumia, taarifa ikaenda kwa jina la mwenzake. Rafiki anaogopa. Je, akisema ukweli, hana haki tena?

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. "Na rafiki yako huyo," akasema, "mkono wake unafanana na wako hivyohivyo?"

Chapakazi akaupeleka mkono nyuma ya mgongo.

"Sikiliza, dada yangu. Ulikuwa ndani ya kiwanda?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unafanya kazi ya mwajiri, au ulikuwa umekwenda kuchota maji yako?"

"Nilikuwa nalisha shuka."

"Ukaumia."

"Nikaumia."

"Basi." Akachukua karanga nyingine. "Fidia haiangalii kadi. Inauliza nani kaumia, na kaumia akifanya kazi ya nani. Hata kosa la nani haiulizi, ungekuwa mzembe, ungekuwa umesinzia, mkono ni mkono. Mlivunja utaratibu wa zamu, hilo ni onyo kazini, mngeonywa yakaisha. Nani aliwaambia mna jela?"

"Nyapara."

"Na kinga ya mashine ilikuwa wapi?"

"Imefungwa na waya. Inaangalia dari."

Yule mama akacheka bila furaha. "Ndiyo maana. Huyo anaogopa waya wake, nyinyi mmeuogopa woga wake. Mngekuja wiki ileile, saa hizi ungekuwa unalalamika malipo ni madogo kama watu wengine. Mficha maradhi, dada..."

"Kilio humuumbua," Chapakazi akamalizia. Machozi yakamtoka kwa hasira. Miezi yote ile! Barua za onyo, kuombaomba, pole za mlangoni pa duka, yote kwa jambo ambalo lingekwisha kwa kusema jina lako. Alitamani kumpiga mtu, na aliyekuwa karibu alikuwa huyu mama wa watu asiye na kosa.

Lakini halikuwa limekwisha. Taarifa ya mwajiri ina jina la wifi, ya hospitali ina jina la wifi, benki vilevile. Neno lake peke yake dhidi ya makaratasi yote hayo halitoshi, yule mama alimweleza. Aliyeandikwa ndiye aseme si yeye, kwa mdomo wake, na aseme kabla jopo halijamwandika. "Akikiri, tutahamisha kila kitu kwa jina lako. Atafokewa, ataandika maelezo, atarudi nyumbani. Lakini akidanganya mbele ya daktari, na daktari akamshtukia, na watamshtukia, faili linafungwa kama la matapeli. Hapo mkono utabaki wako na shida zake, na hakuna mtu atakayekufungulia dirisha."

Nyumbani aliyasema yote, polepole, kama anamfundisha mtoto kuhesabu. Wifi alitikisa kichwa tangu neno la kwanza. Hayo ni maneno ya ofisini, alisema. Wanakwambia njoo, kumbe polisi yuko nyuma ya mlango. Na kazi yake je? Na watoto wake? Kaka mtu alikuwa ameinama anatafuta kitu kwenye kiatu chake. Alikitafuta muda mrefu sana.

"Sawa," Chapakazi akasema mwisho. "Mimi nitakusindikiza. Nitakaa pembeni, sitafungua mdomo. Daktari akikuuliza, umjibu wewe."

"Utaniaibisha mbele za watu!"

"Nimesema sitafungua mdomo."

Wifi alikuwa na hofu ya kwenda peke yake, kwa hiyo akakubali.

Siku ya jopo, kwenye ofisi ileile ya fidia, waliingia pamoja. Daktari alikuwa mzee mwenye mafua, sauti imekwaruza, na pembeni yake karani kijana wa kike na kompyuta. Kitambulisho kikatazamwa, picha ikafanana. "Na huyu?" daktari akauliza.

"Wifi yangu," wifi akasema. "Amenisindikiza."

Chapakazi akakaa kwenye kiti cha ukutani, mkono kaufunika kwa ncha ya mtandio. Simu ya wifi ikalia ndani ya pochi, ikakatwa, ikalia tena. Ni nyapara bila shaka, anakumbusha vidole.

Wifi akaanza kufungua bendeji, kidogo kidogo, na vidole vimekaa vizuri kabisa, kama wageni. Lakini daktari hakuwa anatazama bendeji. Alikuwa anatafuta kalamu.

"Subiri, usifungue kwanza. Niambie ilivyokuwa."

"Niliungua, daktari. Na mashine."

"Hilo limeandikwa hapa. Nataka unieleze wewe. Ulikuwa umesimamaje? Ulisikia nini kwanza?"

Wifi akageuza macho kwa Chapakazi. Chapakazi akatazama kalenda ya ukutani. Ilikuwa rahisi mno kumnong'oneza: uzi, sema uzi. Ulimi wake ulikuwa umeshanyanyuka, akaung'ata. Kama wifi angepata hadithi pale, kwaheri mkono.

"Nilisikia..." wifi akasema. "Nilisikia maumivu."

"Wapi?"

"Eee..."

"Mama, yalianzia wapi?"

"Kichwani," wifi akasema.

Karani akaacha kuandika. Daktari akapenga kamasi, akakunja leso yake, akauliza taratibu, "Mashine ilikushika mkono, ukasikia kichwani?"

Na hapo wifi akakatika. Akavua kile kipande cha bendeji kilichobaki akakitupa mapajani kama kimemuunguza, na vidole vyake vyote kumi vikafunguka, vizima, vyeupe, vinakwenda huku na huku. "Nilikuwa nasuka," akasema. "Daktari, mimi sikuwepo. Msusi aliniambia nisubiri siku nyingine, mimi nikasema sisubiri, nina harusi. Nikamdanganya huyu mtoto ana homa. Nilikuwa nimekaa nasuka nywele!" Akalia kilio ambacho Chapakazi hakuwa amekisikia kwake siku zote zile, si kile cha wodini.

Daktari akavua miwani. Alionekana mtu aliyeamka na mafua na kukuta dunia nayo inaumwa. "Nina faili moja hapa," akasema, "na wanawake wawili, na mikono minne. Ulioungua ni wa nani?"

Chapakazi alikuwa amejitayarishia sauti kubwa kwa ajili ya siku hii. Ilipofika, ikatoka ndogo.

"Wangu."

Akavuta kiti mpaka mezani, akauweka mkono juu ya meza, na akataja jina lake, la kwake, lile alilopewa na wazazi wake. Karani akaliandika. Daktari akagusa kidole cha kwanza kwa ncha ya kifuniko cha kalamu. Unasikia? Hapana. Cha kati? Hapana. Akajaribu kuvikunja, vikakataa. Kisha akamuuliza ilivyokuwa.

Akasema. Shuka iliyochanika, uzi, mvuto, mwenzake anakimbilia swichi, kinga inaangalia dari kwa waya wa nyapara. Hapo daktari alimwomba arudie, na karani akauandika waya peke yake kwenye mstari wake. Akaeleza joto lilipoanzia, na jinsi ambavyo mwanzoni halikuwa joto, lilikuwa kama baridi. Alipomaliza akagundua kwamba tangu siku ile ni mara ya kwanza anaulizwa na mtu anayetaka kujua tu. Wifi alikuwa amesikiliza yote, na mikono yake miwili kaificha chini ya mapaja, kaikalia.

"Tutafungua upya kwa jina lako," daktari akasema. "Itachukua muda."

"Muda gani?"

"Muda."

Chapakazi akasonya, asisonye vipi.

"Samahani," karani akaingilia, anasoma kwenye kompyuta. "Mwajiri wako ameandika hapa una onyo la kulala kazini kwenye... mataulo?"

"Huyo hapo," Chapakazi akasema, akamnyooshea wifi kidole cha mkono wa kushoto. "Mwandike na yeye."

Walitoka kwenye korido, wakasimama kando ya lile benchi. Wifi alikuwa anaviringisha bendeji, inamtoroka, anaokota, anaviringisha tena, ovyo kama kawaida yake. Mtandio wa Chapakazi ulikuwa umelegea na kushuka upande mmoja.

"Acha hiyo," akamwambia. "Njoo unifunge hapa."

Wifi akaja nyuma yake. Akaukunja mtandio kwanza, pindo kwa pindo, vizuri kuliko alivyowahi kukunja kitu kiwandani, akauzungusha, akafunga fundo.

"Usikaze sana."

"Sikazi." Mikono yake bado iko kichwani pa mwenzake. "Wifi. Unauma?"

Chapakazi alitaka kumjibu jibu lake. Alikuwa nalo tayari, la miezi yote ile, na lilikuwa kali.

"Unauma," akasema. "Hasa usiku."